Mto wa Pishi Moja

Kibaba changu kilikuwa kopo la bati lililokatwa mdomo na kuzungushiwa waya. Nilikirithi kwa mama yangu, naye alipimia mchele, mtama, kunde, hata chumvi. Vibaba vinne ni pishi. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika, maana kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, nikiwa tayari nina watoto wawili. Kilo nilizisikia kwa watu tu. Nyumbani kwangu Tandale hapakuwa na mizani, na kazi yangu haikutaka mizani.

Kazi yangu ilikuwa kushona mito ya sufi. Sufi niliifuata Chanika, kwa watu waliokuwa na misufi mashambani mwao, narudi na viroba vimejaa pomoni lakini havina uzito. Nikifika natandika mkeka uani, nachambua mbegu, na sufi inanirukia nyweleni, kwenye nyusi, puani. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa Kusini ambaye mumewe alikuwa mchonga vinyago, aliniita Bibi Mvi wakati mvi sikuwa nazo hata moja.

"Shoga, mbona umezeeka tangu asubuhi?" ananiambia.

"Na wewe mumeo anachonga watu wasiosema. Ndiyo maana hukai kwako."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa kila kona, mtu anavaa koti la baridi Tandale na jua linawaka. Majina ya wote nitakaowataja ninayo kichwani, mpaka jina la muuza mchele na la yule mbuzi wake aliyekuwa anakula magunia. Siyaandiki, kwa sababu wengine wapo hai, na waliokufa wana watoto.

Binti yangu wa pili aliletwa kwangu mimba ikiwa ya miezi saba. Aliyemleta ni mumewe, kutoka Temeke. Akaniamkia, akakataa chai, akaniita pembeni.

"Mama, mie nimeshindwa. Mikono hataki kuifungua. Ongea naye wewe."

Nilijua anachosema. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alifariki siku ya tisa. Alikuwa mikononi mwa mama yake, amemaliza kunyonya, akatulia, na kutulia kwenyewe ndiko kulikuwa kufa. Daktari alisema ni moyo, kwamba alizaliwa nao hivyo. Lakini msibani wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke asiyejua kumeza neno, alisema mbele ya wanawake wote ukumbini: "Kichanga kile hakikushikwa vizuri." Alisema mara moja tu. Nilimwona binti yangu akiitazama mikono yake kama mtu anayetafuta uchafu.

Tangu siku hiyo hakushika mtoto wa mtu. Tulikwenda arobaini ya mtoto wa jirani mmoja, mwenye mtoto bila kujua akamnyooshea ampokee, binti yangu akarudisha mikono mgongoni na kuifunga huko. Mtoto alibaki kaning'inia hewani mpaka nikampokea mie. Yeye akatoka kwenda kusimama barabarani.

Kwa hiyo mie sikuogopa kuzaa kwake. Kuzaa anakujua. Niliogopa siku ile mtoto atakapofungwa kwenye khanga na kunyooshwa mbele yake, naye arudishe mikono mgongoni. Mie ningemlea, kulea si kazi. Lakini mtoto aliyekataliwa na mikono ya mama yake anakuja kuambiwa siku moja, na watu wetu hawachelewi kusema.

Kuongea naye niliongea. Aliniitikia "Ndiyo, Mama" kwa kila neno, na hakuna kilichobadilika.

Siku moja nikaokota mdoli kwenye mitumba, wa plastiki, wa kizungu, ana macho yanayofumba ukimlaza. Nikampelekea. Nilidhani atazoea kwanza kitu chenye mfano wa mtoto. Akamshika mguu kwa vidole viwili, akamnyanyua.

"Mama, hii ni ndoo tupu," akasema, akairudisha chini.

Alisema kweli. Nikaanza kufikiri kama mshonaji. Mdoli ule haukuwa na kosa la sura, kosa lake lilikuwa ndani. Na mambo ya ndani ndiyo kazi yangu.

Tulipokwenda kliniki, binti yangu akiwa kwenye foleni ya kupimwa, nikamfuata nesi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nakuuliza, mtoto mchanga aliye sawa anakuwa na uzito gani?"

"Kilo tatu hivi, Bibi. Akipungua kidogo au akizidi kidogo si neno."

Kilo tatu. Nikarudi nayo mdomoni nisije nikaisahau. Sokoni nikamuuliza muuza mchele, kilo tatu ni vibaba vingapi? Akaniambia pishi ya mchele ni kama kilo tatu, kasoro kidogo. Nikasema basi, mtoto ni pishi moja. Hesabu hiyo nikaitia akilini, na ndiyo iliyokuja kunitia adabu.

Mto wa kulalia unashindiliwa. Unasukuma sufi kwenye pembe kwa kijiti, unaupiga kofi, unasukuma tena, mpaka ukiubonyeza unakurudishia. Mtoto hashindiliwi. Nilikaa nikawakumbuka watoto wangu watano walivyokuwa begani. Mtoto mchanga anamwagika kama uji mzito. Tumbo linakwenda unakokwenda wewe, matako yanakaa kwenye kiganja, na kichwa kisipopata mkono kinatafuta ardhi. Uzito wake uko pahala pawili, kichwani na matakoni. Mikono na miguu haina kitu.

Nikachukua fulana ya kahawia ya mtumba, laini kwa kuvaliwa, nikaikata na kushona mwili. Ndani nikatengeneza vifuko vya kitambaa cha marekani. Kibaba kimoja cha mchele nikakitia kichwani, nikakizungushia sufi ili mtu asisikie punje. Kibaba na nusu matakoni. Kimoja tumboni, mfuko ukiwa mkubwa kuliko mchele wenyewe, ili uweze kutambaa. Nusu iliyobaki nikaigawa mapajani. Mikono na miguu nikaijaza sufi tu, na kwenye magoti na viwiko nikapitisha mshono ili vilegee. Shingo nikaiacha tupu. Nilipomaliza nikambeba, nikazunguka uani mara mbili, na ndugu yangu, maziwa hayakunitoka kwa sababu ya umri tu.

Uso sikumtia. Nyumba yetu ni ya Waislamu na mambo ya sanamu sikutaka ugomvi nayo. Ugomvi ulikuja vilevile. Wifi yangu alipita kunijulia hali, akakuta kitu kimelala mkekani kimefunikwa khanga, akafunua.

"Subhana. Wifi, ndiyo nini hiki? Mtoto hajazaliwa mmeshamtengenezea mwenzie? Nguo yenyewe hainunuliwi kabla, sembuse mwili?"

Maana kwetu ndivyo, mtoto hatayarishiwi kitu kabla hajatia mguu duniani. Nami niliijua mila hiyo kuliko yeye.

"Huu ni mto, wifi," nikamwambia. "Mie nashona mito. Una macho?"

Akatazama. "Hauna."

"Umeshaona mtoto hana macho? Huu ni mto. Umepungukiwa na *to* moja kuwa mtoto, na hiyo *to* anayo Mungu, sina mie."

Jirani yangu aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni kwake akacheka mpaka bakuli likamponyoka. Wifi yangu akajifunga ushungi na kuondoka, na toka siku hiyo kile kitu kikawa mto. Nyumba nzima iliusema kama mto: ulete, uweke, uanike.

Binti yangu hakuugusa. Siku tatu, nne, unakaa pale na yeye anapita mbali. Nami sikumwambia aushike. Siku ya tano nilikuwa nashona, uzi umenitoka kwenye sindano, nikaunyanyua mto uliokuwa mapajani mwangu, nikamnyooshea bila kumtazama.

"Nishikie huu mto, nitunge uzi."

Nilisema kwa sauti ya kazi, kama mtu anayeomba mkasi. Akaupokea kama mto unavyopokelewa, kwa pembe. Kichwa kikaanguka nyuma. Na mkono wake wa kushoto, sijui ulitoka wapi, ukaenda chini ya shingo ukakidaka.

Nilitunga uzi ule muda mrefu sana. Tundu la sindano nililiona vizuri, lakini nilikuwa sitaki kuliona.

"Mama," akasema polepole, "kichwa chake kinaanguka."

"Ndivyo kinavyoshonwa."

Akauhamishia begani, ukamwagika pale, naye akatulia nao. Kesho yake aliuchukua mwenyewe. Wiki ile akajifunza kuuweka kwenye mkono mmoja, kuuinamisha, kuulaza bila kuachia kichwa kwanza. Usiniulize kama alikuwa analia. Alikuwa analia, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi.

Kisha wakaja panya.

Tandale na soko lake, panya hawana aibu. Asubuhi moja nilisikia binti yangu amekaa kimya chumbani, kimya kile cha zamani. Nikaingia. Mto ulikuwa sakafuni, matako yametobolewa, mchele umemwagika mpaka mlangoni. Binti yangu amekaa kitandani na mikono iko nyuma ya mgongo.

"Mama, wamemla," akasema.

Hakusema wameula. Alisema wamemla. Nilisikia ule *m* ukaniingia mpaka kwenye maini.

"Umeliwa mto," nikamwambia. "Mchele ni chakula, panya wamekula chakula. Kosa langu, si lako. Nitaujaza."

"Basi, Mama. Acha tu. Kila nikishika."

Hakumaliza, na sikutaka amalize. Nikaubeba mto kama ulivyo, nikatoka nao uani, na jirani yangu akaona sura yangu, hakutania.

"Tia kitu wasichokula," akasema. "Mchanga. Mume wangu kabakiza mchanga pale tulipoziba ukuta."

Tukauosha mchanga ule maji matatu, tukauanika juani, kisha nikaukaanga kwenye sufuria kavu mpaka ukaacha kutoa mvuke, maana mchanga wenye unyevu unaozesha kitambaa. Ulitoka safi, laini, unateleza vidoleni kuliko mchele. Nikachukua kibaba changu. Kimoja kichwani, kimoja na nusu matakoni, kimoja tumboni, nusu mapajani. Pishi moja, kama mwanzo. Mtu mzima mie, nimepima vitu tangu utotoni, na halikunijia hata kidogo kwamba kibaba kinapima ujazo, hakipimi uzito. Kwetu pishi ni pishi.

Adhuhuri nikamrudishia. Akaupokea, mikono ikashuka kidogo.

"Mama, amenenepa."

"Aliyeugua akipona hunenepa," nikasema. Na moyoni nikasema alhamdulillahi, maana ameupokea.

Basi akaubeba. Mwezi mzima na siku kadhaa aliubeba ule mchanga, asubuhi na jioni, na tumbo lake mbele. Akilalamika kwamba mikono inamuuma, namwambia mtoto ndivyo alivyo, mtoto si kikapu. Mwenyewe nikiunyanyua nilikuwa naguna, nikadhani ni uzee unapiga hodi. Jirani yangu aliubeba mara moja akamrudishia.

"Shoga, huyu mjukuu wako atazaliwa na ndevu na mkoba wa kazini."

Tukacheka, na hata katika kucheka hatukujiuliza.

Uchungu ulimshika asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa amejifungua hospitali. Mtoto wa kike. Waliniruhusu kuingia akiwa ameshasafishwa, naye binti yangu amekaa ameegemea ukuta, jasho halijakauka. Nesi wa zamu, mama mmoja mnene mpole, akaja na mtoto kwenye khanga. Akamnyoosha. Na mie nikaitazama mikono ya mwanangu, sikuangalia kitu kingine. Ilikuwa juu ya shuka. Vidole vikajikunja.

Kisha akaitoa mbele. Mkono wa kushoto ukaenda chini ya shingo bila kuambiwa, wa kulia matakoni, akampokea, akamvutia kifuani. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika miaka miwili.

Haikufika chini ile pumzi.

"Mama," akasema, na uso umembadilika. "Mbona mwepesi?"

"Nani mwepesi?"

"Huyu. Hana kitu ndani. Mama, mtoto huyu hafiki. Shika uone." Lakini hakunipa nishike, akazidi kumbana.

Nikaweka mikono yangu chini ya ile ya kwake. Na kweli, mtoto alikuwa mwepesi kama kiroba cha sufi. Mwezi mzima mikono yetu ilikuwa imezoea kitu kingine. Nikasema huyu naye, Mungu wangu, huyu naye.

"Nesi, mwanangu, mtoto ana kilo ngapi?"

"Tatu na robo, Bibi. Mkubwa kabisa."

"Hapana," akasema binti yangu. "Mie kilo tatu nazijua. Nimezibeba."

"Umezibeba wapi, mama?"

Machozi yanamtoka. Nesi akanyoosha mikono. "Nipe nimpime mbele yako, uone mwenyewe."

"Simpi mtu."

"Nitampimaje sasa?"

"Nipime naye."

Nesi akanitazama, mie nikamtazama yeye, na hapo ndipo nilipong'amua kinachotendeka mbele yangu. Mwanamke niliyeogopa hatampokea mtoto alikuwa amekataa kumwachia. Kichwa cha mtoto kimekaa kiganjani kama kimeota hapo, na mwenyewe hajui kama anashika, anajua tu kwamba anaogopa.

Mwishowe alikubali kwa sharti. Akateremka mwenyewe kitandani, na nesi anamkataza, akaenda mpaka kwenye mizani, ile yenye sinia na mshale. Akamlaza mtoto kwa mikono yake, kichwa mwisho, wala hakuiondoa mbali. Mshale ukaenda, ukarudi, ukatulia. Tatu, na vistari viwili na nusu mbele yake. Nesi akatusomea. Binti yangu akamtoa, nesi akaweka hapo jiwe la mizani la kilo moja ili tuone kama mshale haudanganyi. Haukudanganya.

"Sasa niambieni nyie," nesi akasema, "mlikuwa mnabeba nini huko kwenu?"

Nikaona aibu kusema. Nikasema, "Mto."

Tuliporudi nyumbani nikamweleza jirani yangu, naye hakusubiri kumaliza. Akauchukua mto, akaufunga mgongoni kwa khanga kama mtoto, akaenda nao sokoni kwa muuza mchele. Njiani wanawake wawili walimpa hongera, akazipokea. Akarudi anacheka hata kusema hawezi, akanionyesha vidole vitano vya mkono wa kulia, kisha akakunja kimoja cha kushoto nusu.

"Tano na ushee, shoga. Umembebesha mwanao mtoto anayekaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikakitazama kile kibaba changu cha bati juu ya kabati, nacho kikanitazama. Binti yangu alitokeza mlangoni, mtoto begani, akauliza mnacheka nini. Tukamwambia. Nilidhani atakasirika, kwa mikono ilivyomuuma na kwa hofu niliyomtia pale hospitali. Alicheka kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, ndefu, ya utotoni mwake, mpaka mtoto akashtuka, naye akampapasa mgongoni huku bado anacheka.

Wifi yangu alikuja siku ya saba. Akakaa, akanywa chai, akamtazama binti yangu akimgeuza mtoto, akimtoa ziwa hili akimpa lile, kichwa hakipati hata nafasi ya kutikisika. Kisha akasema, "Unamshika vizuri." Alisema mara moja tu, na mie nilimwongezea chai.

Baada ya arobaini, jirani yangu akaja rasmi, kajifunga khanga mpya. Mke wa mwanawe wa Mtoni alikuwa na mimba ya kwanza, msichana mdogo, mwoga wa kila kitu.

"Nimekuja kuazima mto," akasema.

Nikautoa. Nikachukua mkasi, nikatafuta mshono wa matakoni, na kibaba nikakiweka karibu. Nilishapiga hesabu na muuza mchele: nikitoa vibaba viwili kasorobo mto utakuwa sawa na mtoto wa kweli, na hakuna mama atakayeshtuka tena. Nilikuwa nimeshakata nyuzi mbili.

Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini, mtoto amelala begani kwake, amemwagika pale.

"Mama, unafanya nini?"

"Naurekebisha. Narudisha kilo tatu."

Mkono ulikuwa chini ya shingo ya mtoto, na macho yalikuwa kwangu.

"Usiupunguze," akasema. "Umpe vilevile. Naye ashtuke, akatae kumwachia."

Nikaweka mkasi chini, nikatunga uzi, nikaushona pale nilipoukata.